Lindo la Sadru

Kipling Avenue,
Etobicoke, Toronto.
8 Februari 2015

Mpendwa Aziz,

Ya Ali Madad, mwanangu. Hujambo? Rukhsana naye hajambo, na mguu wake umepona? Mimi mzima, ila magoti hayapatani na baridi ya huku. Barua hii nimeianza mara tatu. Kila nikikaa, nainuka kwenda dirishani kutazama kituo cha basi.

Sababu ni baba yako mdogo Sadru. Ulisikia kwamba Desemba alistaafu akamkabidhi binti yake Inara kampuni ya mchele. Karatasi zilitiwa saini, keki ikakatwa, nami nikapiga makofi kuliko wote. Kesho yake saa moja asubuhi Sadru alikuwa kwenye geti la ghala, Rexdale, amesimama kwenye theluji. Keshokutwa pia. Wiki saba, Aziz, mtu wa miaka sitini na sita.

Wafanyakazi wakawa wanamuuliza yeye kila jambo, wanampita Inara. Unawajua watoto wa huku, Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu Kiingereza. Safari hii aliniambia kwa Kiswahili: "Shangazi, mwisho wa mwezi naondoka. Baba achague."

Nilimwomba anipe siku moja nifikiri.

Hukuwa umezaliwa, kwa hiyo nikueleze. Wakati wa vita vya Kagera, Sadru alijitolea kuwa mgambo hapo Mwanza. Kwenye gwaride walimtania, "Mhindi, duka umemwachia nani?" Akawajibu amemwachia dada yake, yaani mimi. Alipangwa kulinda ghala la unga kwa zamu na Onyango, huyo huyo mzee jirani yako. Bunduki hawakuwa nazo, walikuwa na rungu na filimbi. Sheria yao ilikuwa hivi: huachi lindo mpaka anayekupokea azunguke nawe jengo zima, aguse kila komeo, kisha atamke kwamba amelipokea. Mara moja Onyango alishikwa na malaria. Sadru alisimama tangu Ijumaa hadi Jumapili mchana. Chakula nilimpelekea mimi, nikamsihi arudi nyumbani, akakataa.

Nilipoyakumbuka hayo niliona aibu. Sisi tulimpa keki. Hakuna aliyezunguka naye.

Nikamweleza Inara, na Alhamisi tukaenda pamoja. Alizunguka na baba yake mlango kwa mlango, mimi nyuma yao na fimbo yangu. Kwenye mlango wa nyuma Inara akasimama, akalitikisa komeo.

"Baba, hili limelegea. Tangu lini?"

Sadru akatazama chini. "Tangu Oktoba."

"Nitalitengeneza mimi. Nimepokea lindo."

Sadru akafungua funguo mkandani, akampa. Mimi na Sadru tulirudi kwa basi.

Ijumaa asubuhi Sadru alikuja kunywa chai kwangu. Ilipofika saa moja aliinuka, akavaa koti. Akaenda mlangoni, akalijaribu komeo langu, akarudi kukaa na koti lake mwilini.

"Chai imepoa, dada," akasema.

Kesho ni Jumatatu, sijui kama nitamwona kituoni akingoja basi la Rexdale. Ndiyo maana dirisha halinipi raha.

Wasalimie Rukhsana, watoto, na Mariambai akija kutoka kusali jamatini. Na ukimwona mzee Onyango, mwambie Sadru amepokelewa lindo. Yeye ataelewa uzito wake. Mola awafunike kwa rehema zake.

Wako akupendaye na kukuwaza,
Shangazi Nurjehan