Pedali ya Mguu wa Kushoto

S.L.P. 1184,
Kitale.
17 Agosti 2025.

Mpendwa shemeji Khisa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Baridi ya huko Perth imepungua? Natumaini wewe, Pauline na watoto hamjambo. Sisi tunamshukuru Mungu kwa pumzi. Mvua haikutunyima, mahindi yamebeba vizuri, na yule ng'ombe mweusi amezaa tena ndama dume, kana kwamba tulimwomba. Habari za ndugu yako Hesbon nitazifikia.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ziko. Nikikupigia, Hesbon anakaa karibu akisikiliza kila neno. Ndiyo sababu barua hii nimempa Rahab, binti wa jirani yetu Kinyua, anayerudi huko Jumanne.

Asante kwa piano ya umeme uliyotutumia. Ilifika bila mkwaruzo, tukaiweka sebuleni palipokuwa na kabati langu, na vyombo vyangu sasa vinalala kwenye katoni. Silalamiki. Mtu kama Hesbon, aliyecheza kinanda kanisani miaka thelathini na mmoja hawezi kukaa tu akihesabu magari barabarani.

Uliuliza ununue pedali gani: ile moja yenye waya, au zile tatu zilizo kwenye ubao mmoja unaofungwa kwa skrubu chini ya stendi. Hesbon alikujibu mbio mbio kwamba anataka tatu. Shemeji, nakusihi, usinunue tatu.

Hesbon hana mguu wa kulia. Ulikatwa chini ya goti mwezi wa nne, kwa sababu ya kile kidonda cha sukari. Nilipokuambia kidonda kimepona sikudanganya, lakini ukweli pia sikuusema. Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema aliye mbali haambiwi ugonjwa, anaambiwa mgonjwa akishasimama. Ndivyo tulivyokufanyia baba yenu alipougua, na najua hukutusamehe haraka.

Mguu tuliuzika nyumbani Bumula, nyuma ya nyumba ya mama yenu. Wazee walibishana kama inafaa mtu mmoja achimbiwe mara mbili, hadi mama akachoka na kushika jembe mwenyewe. Kwa hivyo Bungoma yote inajua ila wewe. Naona aibu kuandika hivyo.

Fundi Wahome, anayetengeneza vinanda hapa mjini, alikuja akanieleza. Pedali ya kulia ndiyo inayoshikilia sauti isikatike, na zile tatu zikishafungwa hazisogei. Mwenye mguu wa kushoto peke yake atajipinda kama anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Ile moja unaiweka popote unapotaka. Lakini usilete ile bapa nyepesi, maana sakafu yetu ni simiti na itateleza mpaka jikoni. Chukua nzito, yenye mpira chini na ulimi mrefu wa chuma, na uulize dukani kama inakubaliana na piano hii. Rahab ana picha ya tundu la nyuma ya piano, pale waya unapochomekwa.

Hayo yote Hesbon anayajua kumshinda Wahome. Alichagua tatu ili usije ukauliza kwa nini pedali iwekwe kushoto. Yaani heri apate kitu asichoweza kukitumia kuliko wewe ujue. Hilo limeniuma kuliko hata siku ya kukatwa.

Tangu piano ifike amecheza mara mbili tu. Mguu wa bandia anao, lakini anasema hausikii chochote, basi umesimama kwenye kona umevalishwa kiatu cha Jumapili. Alhamisi alianza wimbo, nikaona suruali upande wa kulia ikitikisika pale chini ya goti. Ule mguu usiokuwepo ulitaka kukanyaga. Alipoona ninaangalia alifunga piano, na siku mbili hakuniongelesha.

Wahome alikuwa ametuachia pedali kuukuu ya kujaribia. Nilimwomba Hesbon aiweke kushoto akakataa, eti mguu wa kushoto haujasoma muziki. Jana akaniita mwenyewe nimbonyezee pedali. Nilikaa sakafuni nikawa ninaibonyeza kwa mkono, naye ananiamuru: "Kanyaga. Achilia. Si unachelewa, bana." Mimi muziki siujui, nilichelewa kila mara. Katikati ya ubeti wa pili nikaisukuma polepole mpaka kwenye mguu wake wa kushoto, nikatoa mkono. Alikanyaga. Alikanyaga vibaya, akakosea mara nyingi, lakini alifika mwisho wa wimbo. Halafu akaniambia nisimwambie mtu.

Nami nimekuambia. Nunua moja, kisha umpigie wewe mwenyewe umwambie kwamba ni ya mguu wa kushoto. Usimlilie kwenye simu, hilo hatalivumilia. Sijui atanifanya nini. Akifoka nitashukuru, kwa maana kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa.

Msalimie sana Pauline, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mama anawaombea kila asubuhi, anawataja mmoja mmoja. Mungu awafunike huko mliko na awarudishe tukiwa bado tunaonana.

Hesbon hakutumi salamu, kwa sababu hajui ninaandika.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda,
Phelista