Muhuri wa Kaka Mkubwa

Nyumbani,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima? Kile kifua kimekuachia? Sisi tunapumua, Mungu ni mwema, ila nyumba imepoa.

Binti yangu amepata kazi duka la dawa, na paa la jikoni limezibwa. Mazuri ndiyo hayo. Sasa kaa kitako nikwambie mengine.

Kaka yetu ameacha kazi. Unajua tulikuwa naye karakana moja ya jenereta za ndege, zile zinazofungwa kwenye injini ziwashe taa na vyombo vya rubani. Yeye alikuwa akisuka koili za shaba, mimi nazifunga kitambaa cha kuzuia umeme. Tangu mvua zilizopita mkono wake wa kulia unatetemeka. Niliuona, nikanyamaza. Kila asubuhi nilimwomba Mungu atusitiri hadi astaafu.

Juzi waya ulimponyoka, ukakwaruzika. Mpimaji akaipima ile koili, akaipitisha. Kaka akaifuata mezani kwake, akaipaka rangi nyekundu, alama yetu ya kitu cha kutupwa.

"Mzee, mashine imeshakubali!" mpimaji akacheka.

"Mashine yako haitapanda ndege. Mkono wangu umeharibika. Andika."

Kila fundi kwetu ana muhuri wake wa chuma wenye namba yake, huugonga kwenye kazi aliyoimaliza. Akiondoka, muhuri hupondwa kwa nyundo asije mwingine akautumia. Msimamizi alitaka kumsaidia kuuponda, kaka akang'aka, "Muhuri huu umenilisha mimi, si wewe!" Akaipiga nyundo mwenyewe, akakosa. Akakosa tena, nyundo ikilia juu ya meza. Mwishowe namba ikafutika. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani.

Siku hizi chai anainywea chumbani, mlango kaufunga, tusimwone akiimwaga. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nimshukuruje Mungu kwa ukweli wa kaka, na mimi nilimwomba aufiche mkono ule?

Shemeji yako anakusalimu, na watoto, na shangazi, ambaye bado anadai kwenye picha umekonda.

Kaka naye anakusalimu. Anasema usije sasa, uje mkono ukishatulia. Mdogo wangu, daktari ametuambia hautatulia. Njoo.

Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Akupendaye daima,
Dada yako