Kipande cha Juu cha Gamba

Jumatatu, 3 Machi
Kobe kaletwa leo. Mweupe pe, wa faibaglasi, mkubwa kuliko meza ya jikoni — nusura akwame mlangoni! Wenzake wamepelekwa kwa wasanii wengine. Tukishawapaka watapangwa mitaani, watu wazunguke kuwaona, halafu mnada. Pesa zote kwa wodi ya saratani. Wodi aliyolazwa mdogo wangu, kitindamimba wetu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea mdogo wangu mchoro. Kila kipande cha gamba, dirisha moja la wodi. Kautazama weee, kisha akaniuliza kobe gani huyu wa msibani! Tukacheka mpaka nesi akatukanya. Kipande cha juu kabisa ni chake, kasema. Nisikiguse. Atakuja kukipaka mwenyewe akipata nguvu.

Jumapili, 9 Machi
Hali mbaya. Leo hakunitambua. Mama anasema ni dawa tu. Lori la kuchukua kobe linakuja Ijumaa.

Jumatano, 12 Machi
Nimekipaka kile kipande chake. Njano, rangi anayoipenda. Mratibu wa mnada kapiga simu: kobe mwenye pengo hapokelewi. Nilipaka huku nalia, na kingo zikanyooka vilevile. Naichukia mikono yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Asubuhi simu ya mama, sauti juu. Kaamka vizuri! Kamaliza chai yote! Daktari kamruhusu kutoka kidogo, wako njiani kuja karakana. Mungu wangu! Nikashika msasa, nikasugua kile kipande mpaka vidole vikachubuka. Njano ikabaki kwenye mifereji ya pembeni.

Kaingia kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Kapitisha kidole pale pale penye njano. Nikasema ni rangi ya kutangulizia tu. Akanitazama. Dada, kumbe ulishanizika?

Nilikosa pa kuuweka uso. Mama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nikaomba radhi, akanikatiza: lete buluu, bwana, muda unakwenda.

Anapaka sasa. Naandika hapa pembeni nisiutazame ule mkono, unavyotetemeka.

Kafika nusu. Kaiweka brashi mapajani, kafumba macho. Nusu nyingine kesho, dada, kasema.

Nimemjibu sawa, kesho.

Honi nje. Dereva wa lori kachungulia mlangoni, anauliza kama kobe yuko tayari. Mama ananitazama. Naiweka kalamu, nasogea mlangoni —