Wa Kumi Alikuwamo Chumbani

Berea, Johannesburg

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Amani iwe juu yako na wote hapo Tanga. Mimi mzima, ila kiuno kinaniuma na moyo nao hauko sawa. Mama anaendeleaje? Nauliza kwa sababu ujumbe wako mrefu ulieleza ugomvi wako na ndugu yetu Rashidi tu, wewe ukitaka mama asomewe kisomo, yeye akitaka apelekwe hospitali. Kidonda cha mgongoni mwa mama, kile cha kulala chali siku nzima, hukukitaja. Nimeandika kwa mkono kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza.

Yule bibi wa Kiyahudi niliyekuwa namuuguza, Gogo, kama tunavyowaita vikongwe huku, amepooza upande mmoja, na daktari aliagiza anyanyuliwe na watu wawili. Ana wana wawili. Mkubwa, David, ni mtu wa dini hasa. Mdogo, Alan, hata kile kikofia chao havai. Jumanne alasiri David alileta wenzake wamwombee mama yake chumbani. Kwao sala ya jamaa haitimii mpaka wawe wanaume kumi, nao walikuwa tisa pamoja naye. Alan alikuwa kasimama pale pale, Myahudi kama wao, amekuja kunisaidia kumnyanyua Gogo afanye mazoezi. Wa kumi ndiye huyo. Akagoma.

"Nimekuja kumwinua mama, sikuja kuhesabiwa," akasema. "Mtaomba baadaye."

David akamjibu kwamba robo saa ya sala haijamuua mtu, na kwamba atakayemwinua mama ni Mungu, si misuli yake. Basi, kaka, maneno yakawa marefu, utoto wao wote ukafukuliwa. Gogo akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba anataka choo. Niliwaambia mara mbili. Mimi mwanamke, Mwislamu, mfanyakazi, nani angenisikia?

Nikamnyanyua peke yangu. Hapo nilikosea, nakiri. Tulianguka wote wawili, yeye akavunjika nyonga. Mzee mmoja katika wale tisa aliweka kitabu chake kitini, akapiga magoti kando yetu, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba hata dini yao inasema mgonjwa kwanza. Alikuwa amechelewa, kama sisi sote.

Hospitalini ndugu hao wakapatana, mara ya kwanza tangu niwajue. Walikubaliana kwamba kosa ni langu. Nimefukuzwa.

Utasema mambo ya Wayahudi hayatuhusu. Yanatuhusu. Kisomo ni kizuri na hospitali ni nzuri, lakini nyinyi wawili mna mikono minne, na kazi yake ni kunyoosheana vidole tu. Nina hasira nanyi, sifichi.

Nisalimie wifi, mkeo, ambaye najua ndiye anayefua mashuka ya mama peke yake. Nisalimie na mama mkubwa, mwambie dua zake zinanifikia. Rashidi msomee barua hii yote, usiruke kitu.

Ikiwakuta bado mnabishana, msihangaike kunijibu. Mgeuzeni mama.

Ni mimi dada yenu,
Mwanaidi