Mzee wa Saa Chini ya Ngazi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. Hujambo? Shemeji hajambo? Na yule mwanangu mwenye pengo, kikohozi kimemwachia? Mwambie mama yake mkubwa anamuulizia kila siku. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea vizuri na kutugombeza vizuri zaidi. Mimi nimenenepa kidogo, na wiki hii nimelala usingizi ambao sijaulala tangu mwaka juzi. Sababu ya usingizi huo ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Kwanza ujue kwamba kitabu ulichokirudisha kimefika salama, na barua yako ya maoni imefika pia. Nimeisoma mara nne. Nitaizungumzia huko mbele, usiwe na haraka.

Kiwandani bado niko chumba cha nyuma, na sindano yangu na ndoo ya gundi. Juzi nimemaliza kujalidi daftari mia mbili za mahudhurio ya shule. Vidole vimeota sugu hadi nikishika kikombe cha moto sisikii kitu. Bosi kanisifu, kisha kaniletea nyingine mia.

Sasa nije kwenye kikao chetu cha riwaya. Tulikianzisha mimi na wewe kabla hujaolewa ukahamia huko, na utaratibu ni uleule. Kitabu ni kimoja, cha mitumba, kimechoka. Mimi nakishona upya, kwa hiyo mimi ndiye ninayekisoma kwanza. Kisha anakichukua wifi yetu, kisha muuguzi mstaafu, fundi umeme na kinyozi, halafu kinakuja kwako kwa posta. Kila mtu akimaliza anaandika maoni yake kwenye karatasi na kuitia katika ile bahasha niliyoibandika ndani ya jalada la nyuma. Hakuna kuchungulia ya mwenzako mpaka siku ya kikao. Bahasha haina kifuniko, maana tuliaminiana. Ujinga huo ulikuwa wangu.

Utakumbuka ile riwaya ya ndugu wawili wenye duka la mikate. Niliandika kwamba mwandishi alikwenda vizuri hadi mwisho, halafu akaharakisha kama mtu anayekunja nguo kabla hazijakauka. Siku ya kikao wifi, kwa kuwa ni mwenyekiti, akaanza yeye. Akavua koti lake jeupe la duka la dawa, akaliweka mgongoni mwa kiti, akasema kwamba mwandishi ameharakisha kama mtu anayekunja nguo kabla hazijakauka. Fundi umeme akapiga makofi. Ilipofika zamu yangu nikasoma karatasi yangu, nifanyeje, ndiyo niliyokuwa nayo. Wakacheka mpaka muuguzi akafuta macho. Na wifi, kwa ile sauti yake ya kutwa mara tatu baada ya chakula, akasema, "Jamani, Mwangwi wangu huyo."

Jina likanganda. Riwaya iliyofuata, ile ya mama aliyemfungia binti yake ndani, niliandika kwamba mama yule hakuwa katili, alikuwa mwoga. Wifi akasema hakuwa katili, alikuwa mwoga. Nikaitwa Mwangwi sokoni. Nikaitwa Mwangwi na kaka yetu mezani, huku anatafuna. Nawe ulipokuja likizo, siku ya pili tu, ukaniita Dada Mwangwi mbele ya Mama na ukacheka ukishika mbavu. Nilicheka nawe. Haikunishuka, mdogo wangu. Mpaka leo haijanishuka.

Mimi sikusoma sana, unajua. Niliacha shule wewe ulipoanza. Kitu nilichokuwa nacho, changu mwenyewe, ambacho hakuna aliyenipa, ni kwamba nikisoma riwaya najua la kusema. Wifi ana cheti ukutani, ana duka, ana kaka yetu. Alikosa nini hata aje kuninyang'anya hicho kimoja, kisha anigeuze mimi mwizi? Nilimwekea kinyongo, na sioni haya kukuambia. Nilikilea kile kinyongo vizuri, nikawa nakishonea kila siku.

Ndipo ikaja hii riwaya ya mjane mwenye nyumba ya kupangisha. Nimeipenda sana. Mjane anawasikia wapangaji wake ukutani, anajua siri zao zote, na hamwambii mtu. Nilikuwa na maoni ya kurasa tatu. Nikayatia mfukoni mwa aproni. Kwenye bahasha nikatia karatasi nyingine. Niliandika kwamba aliyenigusa kuliko wote ni yule mzee fundi saa anayeishi chini ya ngazi, jinsi alivyotengeneza saa za wapangaji wote bila kudai chochote, na jinsi alivyokufa zikalia zote kwa pamoja. Nikaandika kwamba mwandishi angemwondoa mzee yule, nyumba nzima ingeanguka.

Katika riwaya ile hakuna mzee fundi saa. Hakuna saa. Na ukurasa wa kwanza kabisa, mstari wa tatu, unasema nyumba ya mjane ilikuwa ya chini, vyumba sita vinatazamana, ua katikati. Nyumba haina ngazi hata moja.

Nikampelekea wifi kitabu kwa mikono miwili, na adabu zangu zote.

Jumamosi iliyopita tulikaa sebuleni kwa muuguzi. Wifi akavua koti. Akakohoa kidogo. Akasema kwamba wapo watakaovutiwa na mjane, lakini msomaji makini atamwona mzee wa saa pale chini ya ngazi, na kwamba mwandishi angemwondoa, nyumba nzima ingeanguka. Nikainama nikajifanya natafuta kalamu.

Nilidhani nimemnasa mmoja. Kumbe! Muuguzi akasema hata yeye, zile saa zilipolia zote pamoja, alisisimka mwili. Fundi umeme akasema hasa, hasa, na akaongeza ya kwake, eti mzee alikuwa na jicho moja. Jicho moja! Nilimtazama mtu yule mzima na akili zake anamtoa jicho mzee ambaye mimi mwenyewe sijampa uso. Wote walikuwa wamepita kwenye bahasha, mdogo wangu. Wote, kila mtu kwa wakati wake, wameketi kwao na kusoma karatasi yangu badala ya kitabu.

Kasoro kinyozi. Kinyozi amejifunza kusoma ukubwani, anasoma kati ya mteja na mteja, na nywele za watu zimejaa katikati ya kurasa. Alikuwa anageuza kofia yake. Akasema polepole kwamba yeye amekisoma mara mbili na hakumwona mzee huyo. Akaomba radhi. Akasema, "Labda mimi ndiye sijui kusoma."

Hapo furaha yangu ilitaka kuniharibikia. Ule uso niliujua, niliuvaa miaka miwili. Nikawa nataka kusema, lakini wifi akaniwahi. Akamwambia kinyozi asijilaumu, huenda kuna kurasa zimechomoka, maana vitabu hivi vinashonwa na Mwangwi, na Mwangwi siku hizi macho yake yapo kwenye mambo mengine. Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Sasa wameingia mpaka kwenye kazi yangu. Jalada nililolishona kwa mkono wangu, uzi mara mbili, limepoteza mtu mzima na saa zake zote!

Sikupiga kelele. Nilikichukua kitabu, nikakiweka mezani, nikawahesabia kurasa kwa sauti kutoka mwanzo hadi mia mbili na nane, hakuna namba iliyoruka. Nilihesabu zote. Nilichukua muda wangu, chai ikapoa, hakuna aliyethubutu kuinuka. Kisha nikamsukumia wifi kitabu.

"Nionyeshe ukurasa wake."

Akafungua katikati. Akafungua mbele. Akasema hakumbuki vizuri ni wapi. Nikamwambia asome mstari wa tatu wa ukurasa wa kwanza, na asome kwa sauti, kama anavyosoma maoni yake. Akausoma. Alipofika kwenye "nyumba ya chini" akakitua kitabu. Nikatoa zile kurasa tatu mfukoni mwa aproni, nikasema haya ndiyo maoni yangu, na yule mzee nilimtunga mimi jikoni kwangu huku nakatakata vitunguu. Nikamgeukia kinyozi, nikamwambia humu ndani amesoma mtu mmoja tu, naye ni yeye.

Uso wa wifi ulisawijika. Alilichukua koti lake, akashindwa kuipata mikono yake, akaondoka nalo limening'inia. Mlangoni akasema nimewatega kama panya. Nikamwambia ndiyo. Moyo wangu ukasuuzika, mdogo wangu, nisikudanganye. Najua wewe ungetaka niseme nilimhurumia. Sikumhurumia.

Jumatatu kaka yetu kaja kiwandani, kasimama kati ya marundo ya daftari, kanibembeleza yaishe. Nimemwambia yataisha siku mkewe atakaposimama kikaoni na kusema zile nguo ambazo hazijakauka zilikuwa za nani. Akaondoka bila kuniita Mwangwi. Muuguzi kaniletea maandazi, fundi umeme kanitengenezea taa ambayo haikuwa mbovu. Mwenyekiti sasa ni kinyozi, na tumekubaliana yeye ndiye atakayesoma baada yangu.

Sasa nije kwenye barua yako.

Ilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao. Umeandika kwa mwandiko wako mzuri kwamba ulipofika pale mzee anapokufa ulifunga kitabu, ukakaa jikoni, ukalia hadi shemeji akakuuliza nani amefariki. Umeandika kwamba mzee yule alikukumbusha baba yetu.

Wote walipokwisha kusema Jumamosi, muuguzi aliuliza kama maoni yako yamefika. Barua ilikuwa mkobani, nimeukalia. Nikasema posta wamechelewa. Usidhani nilikusitiri kwa huruma tu. Wale wengine niliwalipa mbele za watu, wewe nimetaka unilipe mimi peke yangu.

Kwa hiyo kitabu kinarudi kwako pamoja na barua hii. Bahasha ya nyuma nimeishona mdomo, usijisumbue. Kisome, kisha uniandikie ni nani humo aliyekuliza kweli, maana yupo, na ukimfikia utamjua. Kikao kijacho ni tarehe kumi na moja mwezi ujao. Maoni yako mapya yakinifikia kabla, ile barua nitaichoma. Yasiponifikia, nitaisoma kikaoni yote, na jikoni kwako humohumo, na baba humohumo.

Mama anakusalimu, anasema umtumie picha za mtoto. Kinyozi anakusalimu. Kaka anakusalimu, ila kwa sauti ya chini. Msalimie shemeji, mwambie aliyefariki hakuwa mtu. Mbusu mwanangu kwenye lile pengo.

Mungu awaangazie nyumba yenu, awape afya, na akupe wewe jioni ndefu za kusoma.

Nyumba haina ngazi, mdogo wangu. Anzia hapo.

Wako akupendaye na asiyesahau,

Dada