Kipimo cha Mshale wa Kija

Katandala, Sumbawanga
Jumamosi, 15 Oktoba 1994

Mdogo wangu Coleta,

Daktari Calvin ameniambia leo saa nne asubuhi kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto wa mume wako hakitapona, na kwamba kisipokatwa wiki hii inayokuja, wiki itakayofuata atalazimika kukata kiganja chote. Alisema hayo mbele ya Kija mwenyewe, akiwa amesimama na faili mkononi. Kija akajibu kwamba hatatia sahihi mpaka mke wake afike. Ndiyo sababu nakuandikia leo na sikungoja Jumatatu.

Sasa nikusalimu, ingawa mama angenigombeza kwa kutanguliza habari. Natumaini mafunzo ya walimu huko Mbeya yanakwenda vizuri na baridi haijakurudishia kikohozi. Mama yuko Pito, kifua chake kimetulia. Debora wako yuko naye, anakula vizuri, na ameacha kuuliza utarudi lini. Bado hawajui habari ya kidole. Wanajua tu kwamba Kija kaumia.

Simu ya maandishi niliyokupelekea Jumanne ilikuwa na maneno matano: Kija kaumia mkono, upinde mbovu. Ya mwanzo matatu ni sahihi. Hayo mawili ya mwisho nitayaeleza, lakini kwanza nikupe habari kwa mpangilio wake, kwa kuwa ulipoondoka Agosti upinde wenyewe ulikuwa haujanunuliwa.

Unalijua bega lake tangu mkokoteni ulipomlalia. Upinde wa baba yake aliweza kuuvuta, ila kuushikilia hakuweza. Mkono ulitetemeka na mshale ukaenda kando. Kule Mtowisa bondeni, Maganga, yule mkuu wao wa walinzi wa ng'ombe, alikuwa amempa mpaka mwisho wa Oktoba aonyeshe kama bado anaweza kulenga. Asipoweza, jina lake lingetolewa. Unajua jambo hilo lina maana gani kwa Kija. Aliwahi kuniambia kwamba mwanamume asiyelinda anakaribishwa kwenye ng'ombe zake mwenyewe kama mgeni.

Mwanzoni mwa Septemba nilipita kwenye kibanda cha Albina hapa Katandala, anapouza mitumba. Alikuwa amenunua vitu vya yule mzungu mchimba visima aliyemaliza mkataba wake: masufuria, buti, kitanda cha turubai, na upinde wa chuma wenye gurudumu dogo kila ncha, pamoja na mishale sita ya alumini. Albina aliuvuta kidogo, akasema ukishafika katikati magurudumu yanageuka na uzito wote unaondoka, unabaki umeshika kamba kama umeshika kanga. Kulikuwa na karatasi ya Kiingereza pia. Alinipa, akasema sisi waandishi wa magazeti tunasoma hata maandishi ya kwenye sabuni, basi nisome na hiyo.

Niliisoma yote. Ilisema upinde wa namna hii una mahali pake pa kuishia. Kamba ikifika hapo haiendi tena, na mahali hapo hupangwa kulingana na mkono wa mwenyewe. Kwa hiyo anayenunua uliokwisha tumika lazima kwanza ajue ulipangwa kwa mkono wa nani. Anasimama na kunyoosha mikono yote miwili, anapimwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na jibu linagawanywa kwa mbili na nusu. Kila gurudumu lina mapengo matatu ya kutia kamba: moja la sentimita 76, la pili 73 na nusu, la tatu 71. Ili kuhamisha kamba unalegeza bolti mbili kubwa, mizunguko sawasawa juu na chini. Kamba ilikuwa kwenye 76. Mzungu yule alikuwa mrefu, unamkumbuka.

Nilimpelekea Kija ujumbe kwa dereva wa lori kwamba nahitaji kipimo chake. Akaniletea mshale mmoja wa kwake, na maneno kwamba hapimwi kwa futi kama mtu anayeshonewa suruali. Kwao kila mtu hukata mshale kwa mkono wake mwenyewe, na mshale ukifika, mwenyewe amefika. Nilikwenda nao kwa Albina, nikaazima futi, nikaunyoosha mezani. Nikapata sentimita 76. Nilifurahi. Sikuhitaji spana wala kulegeza chochote. Nilinunua upinde siku ileile.

Jumamosi tarehe 24 Septemba niliupeleka Mtowisa. Walinzi walikusanyika kuutazama. Mmoja aliuita upinde wa baiskeli, akauliza kengele iko wapi na tandiko liko wapi. Mwingine akamwambia Kija awahi kuupeleka kwa fundi pancha kabla mvua hazijaanza. Kija alicheka pamoja nao. Wakati mimi nakula, aliipeleka ile mishale ya alumini kwa huyo fundi wa baiskeli, ikakatwa kwa urefu wa mishale yake. Kisha akatia mshale mmoja, akauvuta upinde mara ya kwanza, akaushikilia bila mkono kutetemeka, na wote wakasogea kutazama. Akaurudisha taratibu bila kuachia. Aliniambia, shemeji, upinde huu unanipeleka mbali kidogo, kiwiko changu kimepita sikio. Nilimjibu kwamba ni kitu kigeni, atauzoea. Nikamshauri asifyatue kwa wiki mbili, avute na kurudisha tu mpaka bega likubali. Nilimpiga picha akiwa ameuvuta hadi mwisho, nikawahi lori la kupanda mlima.

Alhamisi tarehe 6 Oktoba, saa kumi alasiri, alikwenda kulenga mbele ya wenzake. Haya alinieleza Maganga alipomleta hospitali; alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Kija alivuta, akatulia, akaachia. Mshale haukuondoka. Uliingia chini ya kidole gumba cha mkono ulioshika upinde, ukatokea mgongoni mwa kiganja. Aliketi chini akauweka upinde pembeni kwa uangalifu, kama anayeogopa kuuvunja. Lori liliharibika mlimani siku mbili, na alipofika hospitali Jumapili mkono ulikuwa umeshavimba na kunuka.

Maganga ametoa jina lake kwenye ulinzi. Alisema hana chuki naye, ila mtu aliyejipiga mwenyewe hawezi kusimama nyuma ya wenzake na mshale. Kija amelikubali hilo. Anawaambia wagonjwa wenzake wodini kwamba alikaa muda mrefu bila upinde, mkono ukasahau. Hakuulaumu upinde. Mimi ndiye niliyeulaumu. Nilimwambia Maganga kwamba Albina aliuza kitu kibovu, naye akawaambia wengine, na sasa watu wanapita mbele ya kibanda kile bila kusimama. Albina amekuja hospitali mara mbili na chupa ya uji. Mara ya pili aliniuliza mlangoni kama ile karatasi ilisema lolote ambalo hakuelezwa. Nilimwambia hapana.

Coleta, upinde si mbovu. Mshale wa Kija una mti na una kigumba cha chuma. Kigumba kinatokeza sentimita tano. Mtu anayevuta huishia pale mti unapoishia, chuma kinabaki mbele ya mkono. Kila mwanamume wa kwao anajua hivyo, hata hakuona sababu ya kuniambia. Mimi nilipima pamoja na chuma. Mkono wake ni 71, nami nilimwachia upinde wa mzungu wa 76, wakati yeye alikata mishale kwa kipimo chake halisi. Alikata sawasawa.

Hilo ni kosa, na kosa ningeweza kuliandika kwa mistari miwili. Kuna la pili. Picha niliisafisha studio hapa mjini Alhamisi tarehe 29 Septemba, siku saba kabla ya ajali. Inaonekana wazi kwamba ncha ya mshale imerudi nyuma ya mahali pake, imelala juu ya kidole gumba chake. Niliiona. Nilichukua mshale wake uliobaki nyumbani kwangu, nikapima tena bila chuma, nikapata 71. Nilijua maana yake, kwa sababu karatasi ile ilikuwa na onyo hilohilo: mshale mfupi kuliko mvuto wa upinde humchoma mwenyewe mkononi. Jumamosi tarehe mosi kulikuwa na lori la Mtowisa. Siku hiyo kulikuwa pia na mkutano wa wanunuzi binafsi wa mahindi, na mhariri alikuwa anaingoja habari yake. Nilihesabu kwamba wiki mbili za kuvuta bila kufyatua zingeisha tarehe 8, na kwamba lori lingine lingekuwepo tarehe 5. Tarehe 5 lori halikushuka. Kija hakungoja tarehe 8. Nakala ya picha nilikuwa nimekwisha kuituma gazetini Dar es Salaam.

Sikuombi uniambie neno lolote kwa barua. Nataka tu ukae kitandani pake ukijua, usije ukamsikiliza akisema mkono wake ulisahau nawe ukamwamini.

Maganga anapanda tena mjini Jumatatu. Saa mbili asubuhi, daktari akishapita wodini, nitakuwa pale na mshale, futi na picha, nami nitawaeleza yeye na Kija wakiwa pamoja. Nimemwomba Albina naye awepo. Sikumwambia sababu.

Barua hii anakuletea kondakta Kasmir. Amekuwekea kiti kwenye basi la Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Mbeya. Njoo na sweta, Kija anahisi baridi usiku wa huku kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Mama anakusalimu sana, na Debora alikuchorea ng'ombe nyuma ya karatasi hii nilipopita Pito jana. Wasalimie walimu wenzako.

Daktari Calvin amepanga upasuaji Alhamisi tarehe 20, saa tatu asubuhi. Karatasi ya sahihi iko kwa muuguzi wa zamu.

Kaka yako,
Wilibrodi