Mgeni Aliyejua Kula Mlenda

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Kongwa. Sisi wazima. Uwele umetoa masuke, na mjomba wako amepata binti.

Umeuliza kama niliwahi kumwona hata mmoja wa hao wakubwa mnaowasoma kwenye historia. Nilimwona mmoja, akila.

Nilikuwa msichana. Wapigania uhuru wa kusini walikuwa na kambi hapa kwetu, na jioni moja baba alimkaribisha mmoja wao. Mama akaweka ugali na mlenda, ile mboga yetu inayovutika. Tukakaa tayari kucheka, maana wageni wote uliwachuruzikia hadi kifuani. Huyu akamega tonge, akachovya, akazungusha mkono, ute ukakatika kama kwa mzaliwa wa hapa. Kisha akatulia kama mtu aliye ndotoni, machozi yakimlengalenga.

"Mama yangu anapika hivihivi," akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga.

Baadaye alikuja kutawala nchi yake. Vitabu vyenu vinasema aliota uhuru wa Afrika nzima. Labda. Mimi hadi leo nikikoroga mlenda, mvuke ukipanda, namwona kijana anayetaka kwenda kwao, akale.

Nawe njoo, ule.

Bibi yako